Gurudumu la Mbele Kushoto

Wiki mbili baada ya kumzika baba, mteja mmoja aliniletea gari hapa Mbeya likiwa bado linanuka breki. Alikuwa ametoka Iringa moja kwa moja, ameteremka Mlima Nyoka mguu haujaondoka kwenye pedali, na magurudumu yake, yale ya kung'aa yanayopendwa siku hizi, yalikuwa meusi kama sufuria ya msibani. Aliniuliza kama ninayo dawa ya kuzuia vumbi lile lisigande tena. Ninayo. Nasema bila kuona haya: kutoka Makambako mpaka Tunduma hakuna anayelitunza gurudumu kama mimi. Nina diploma ya ufundi wa magari niliyoisotea Durban, mchana nikiosha magari ya watu, jioni nikikaa darasani, na nimeitundika juu ya kaunta ili anayenidharau kwa kuwa ni mwanamke aisome kwanza. Kiwanja nimenunua mwenyewe. Mashine ya maji nimeileta mwenyewe. Sikubebwa na mtu.

Lakini siku ile harufu ilinishinda. Wasiojua husema ni harufu ya mpira unaoungua. Mpira haunuki hivyo. Ni chuma kilichochoka, na ndani yake kuna kitu kama kwato ya ng'ombe iliyotupwa motoni. Niliwaachia mafundi wangu kazi, nikaingia ofisini, nikafunga mlango. Nilikuwa tena na miaka tisa, mikono imezama kwenye ndoo ya maji baridi, uani kwetu Mlandege, Iringa.

Baba alikuwa dereva wa Bwana Jayanti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Iringa. Baba mwenyewe alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe aliyemfuata mama yangu, Mhehe, akahamia kwao, na nyumbani kwetu lugha zilikuwa zinapishana mlangoni: "kamwene" ya Kihehe inatoka, "ndaga" ya Kinyakyusa inaingia, na wazazi wakigombana wanasuluhishwa na Kiswahili. Gari lenyewe lilikuwa jeupe, na rimu zake zilikuwa za aluminiamu wakati ambapo karibu mji mzima ulikuwa unatembelea rimu za chuma. Kwa Bwana Jayanti hapakuwa na mahali pa kulilaza, kwa hiyo lililala kwetu. Hebu fikirini: nyumba ya kupanga, vyumba viwili, choo cha kuchangia na majirani, halafu uani kuna gari jeupe kama la mkuu wa wilaya. Watoto wa mtaa waligombania kukaa na mimi.

Bwana Jayanti hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, magurudumu. Angeweza kupanda gari lenye matope milangoni asiseme neno, lakini akiona weusi kwenye rimu alisimama, akatoa leso mfukoni, akafuta kipande kidogo kama sarafu, kisha akamwonyesha baba ile leso. Alikuwa akimwita baba "mzee", ingawa baba ndiye aliyekuwa mdogo, na alikuwa akimwambia kwamba watu wanalijua duka lake kwa magurudumu yale.

Kwa hiyo baba alikuwa na utaratibu wake. Gari likishapumzika na rimu zikiwa baridi kabisa, alizimwagia maji, akazisugua kwa sabuni ya unga na mswaki mkuukuu, akazikausha kwa kitambaa pembe zote. Kisha alileta kopo. Ndani ya kopo kulikuwa na nta ya nyuki kutoka kwa babu, baba yake mama, aliyekuwa na mizinga huko Kilolo. Baba aliiyeyusha na mafuta ya taa kidogo, na ikipoa inakuwa laini kama samli. Aliipaka usoni mwa rimu, nyembamba sana, akangoja, akaisugua mpaka unajiona. Vumbi la breki likiangukia juu ya nta linakosa pa kushika, na ukilimwagia maji linaondoka lenyewe. Leo ninapaka dawa inayokuja kwenye chupa ndogo kama ya manukato, na kazi yake ni ileile ya kopo la baba. Hilo sikufundishwa chuoni. Nilifika nalo.

"Usiguse huku ndani," aliniambia, akinionyesha diski ya breki iliyokuwa inaonekana kwenye nafasi za rimu. "Huku mafuta ni kifo. Nta ni ya uso tu."

Nilimsikia, na naomba hilo lieleweke. Sikuwahi kugusa ndani.

Kitu ambacho hakunieleza ni kile cha kidole. Kila asubuhi, kabla hajaanza kuosha, baba alichuchumaa mbele ya kila gurudumu, akapitisha kidole juu ya rimu, akakitazama. La kwanza, kidole. La pili, kidole. Alilizunguka gari lote hivyo, uso ameukunja, hasemi na mtu. Mimi nilikuwa namtazama kutoka mlangoni na kikombe changu cha chai, na nilijua kabisa anachofanya. Baba anaona aibu. Anapima uchafu ambao Bwana Jayanti atakuja kuuokota kwa leso. Moyo uliniuma. Hakuna mtoto anayependa kumwona baba yake amechuchumaa mbele ya uchafu wa gari la mtu mwingine.

Shule zilikuwa zimefungwa, na ilikuwa ile miezi ambayo Iringa maji ya ndoo asubuhi yanauma kama yana meno. Niliamua kuamka kabla yake. Kidole kipite, kisikute kitu.

Asubuhi ya kwanza nilitoka alfajiri, nikafanya kila kitu kama alivyonifundisha, maji, mswaki, kitambaa, kopo, kisha nikarudi kujifunika blanketi huku vidole vyangu havina hisia. Nilimchungulia kupitia ufa wa mlango. Alichuchumaa, akapitisha kidole, akakitazama. Akaenda la pili. Alipomaliza la nne alisimama katikati ya ua akatazama huku na huku kama mtu aliyepotelewa na kitu, halafu akacheka peke yake, akawasha gari, akaenda. Sijawahi kupokea cheti kilichonipa furaha kama kicheko kile, na vyeti ninavyo.

Basi ikawa kazi yangu. Niliifanya asubuhi tisa, na ilikuwa katika kuifanya nikaligundua gurudumu la mbele kushoto.

Matatu yalikuwa na vumbi la kawaida, la kijivu, unapitisha mswaki mara moja limekwisha. Lile moja lilikuwa na lake. Lilikuwa jeusi, zito, limegandia mpaka kwenye matundu ya nati, na kila kukicha lilizidi. Nililichukia kama unavyomchukia mtoto mmoja darasani anayewaponza wote wakachapwa. Matatu niliyasugua mara moja, lile nikalisugua mara mbili. Matatu niliyapaka nta mara moja, lile mara tatu. Asubuhi moja nilikuta nta ya jana yake imeyeyuka na kuchuruzika kama mshumaa uliosahauliwa, ikaganda chini ya rimu. Nilidhani nimezidisha mafuta ya taa. Niliikwangua kwa kucha, nikapaka upya, nikaficha vile vipande chini ya jiwe la kufulia ili asijue nimeharibu nta ya babu. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nashinda, na mtu anayeshinda hatoi siri.

Siku ya tisa baba alimchukua Ba, yaani mama yake Bwana Jayanti, kumpeleka hospitali ya Tosamaganga kwa ajili ya macho yake. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, mwenye sari nyeupe na mfuko wa karanga wa kumtuliza dereva, kwa sababu aliamini dereva mwenye njaa hukimbiza gari. Kutoka mjini unateremka mpaka Ipogolo ndipo uishike barabara kuu, na mteremko ule una kona ambazo kila mtu wa Iringa anazijua kwa tumbo. Baba alisimulia baadaye, mara moja tu, kwamba gari lilikuwa linavuta kidogo kushoto tangu juzi, na kwamba pale katikati ya mteremko alikanyaga pedali ikaenda mpaka chini kama amekanyaga tope. Akaishusha gia, akavuta hendibreki. Mbele kulikuwa na akina mama na matenga ya nyanya. Akaligeuzia gari kwenye ukingo wa udongo, upande wake yeye dereva.

Hakuna aliyekufa. Watu wakisimulia ajali husema hivyo kana kwamba habari imeishia hapo. Ba alivunjika nyonga na hakutembea tena bila kushikiliwa. Baba alivunjika mkono wa kulia kwenye kiwiko.

Mama alinishika mkono tukateremka kwa miguu mpaka pale. Baba alikuwa ameshapelekwa. Gari lilikuwa limelala upande, watu wamelizunguka, na ndipo nilipoisikia ile harufu kwa mara ya kwanza, ya kwato na chuma. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa bado linatoa moshi. Rimu yake ilikuwa nyeusi yote, nta imeungua, kazi yangu ya asubuhi imepotea. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Mama alinikumbatia akidhani ninamlilia baba.

Siku chache baadaye Bwana Jayanti alikuja nyumbani. Mama alimpa kiti chenye mto, akampa chai, akatoka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba, na baba alikuwa amekaa kitandani na mkono wake umefungwa kifuani. Bwana Jayanti alikunywa chai karibu yote ndipo akasema.

"Fundi ameifungua. Breki ya mbele kushoto ilikuwa imeng'ang'ania, haiachii, ikachemsha mafuta ya breki. Si siku moja, siku nyingi. Anasema dereva anayeangalia magurudumu angeiona." Akangoja. "Hukuangalia?"

Nilikuwa naona kisigino cha baba tu, kinapiga sakafu polepole.

"Sikuangalia," alisema.

"Mzee, wewe? Labda ulikuwa unaumwa."

Hata mimi, mtoto, nilielewa kwamba mlango umefunguliwa na baba anatakiwa kupita tu.

"Sikuwa naumwa, bwana. Sikuangalia."

Bwana Jayanti aliweka kikombe chini kwa uangalifu. Alisema angemsamehe kitu chochote kilichovunjika isipokuwa mama yake, kisha akampa baba mkono, akakumbuka, akaushika ule wa kushoto. Ua wetu haukulaza gari tena. Nami nilichokisikia nilikishika kama kilivyosemwa. Fundi aliposema ingeonekana, nilidhani ni huko ndani nilikokatazwa, kwenye mambo ya wakubwa. Baba mwenyewe amekiri. Mimi ninaganda kwa baridi ili aheshimiwe, kumbe yeye haangalii kazi yake.

Mji mdogo haukosi jina la kukupa. Jina letu likawa Sikuangalia. Baba akienda kuulizia kazi ya udereva, hata ya lori la mkaa, anaambiwa tutakuita. Shuleni nikidondosha kalamu, mtu wa nyuma anasema kwa upole kabisa, "Tusa, hukuangalia?" na darasa zima linainama kwenye madaftari, mabega yanatikisika. Mwaka haukuisha tukahamia Uyole, Mbeya, kwa ndugu zake baba, akaanza kulima viazi kwenye shamba la kukodi. Kiwiko kile hakikunyooka tena. Alikuwa anapalilia kama mtu anayechota maji.

Nilikuwa na miaka kumi na minne siku niliyomwambia. Jina lilikuwa limetufuata mpaka Uyole, limeletwa na mkata tiketi mmoja wa mabasi, na mchana ule nililisikia kwa msichana niliyekuwa namwita rafiki. Nilimkuta baba nyuma ya nyumba anachambua viazi, vikubwa huku, vya mbegu huku. Sikumwamkia. Nilimwambia hakuombwa kitu kigumu. Hakuambiwa abebe mzigo wala asome vitabu.

"Kazi yako ilikuwa kuangalia tu," nilisema. "Kuangalia. Ikakushinda."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akafungua mdomo. Sijawahi kumwona na uso ule. Baba alimtazama tu, na mama akarudi ndani.

"Ni kweli, Tusa," baba alisema, akageuza kiazi upande wa pili.

Nilijenga maisha yangu juu ya jibu lile. Niliapa nitakuwa mtu anayeangalia. Nilivuka Tunduma na begi moja, nikafika Durban sina ninayemjua, nikaanza na ndoo na kitambaa kwenye maegesho ya watu. Nimedharauliwa kwa lugha tatu na nikajifunza zote tatu. Nyumbani nilimtumia baba koti, nikamtumia redio, nikamtumia simu, na nilipompigia kwenye simu hiyo hatukuzungumza zaidi ya hali ya hewa na bei ya mbolea. Mama alifariki nikiwa huko. Sikuwahi kumuuliza alitaka kusema nini siku ile ya mwiko.

Halafu jioni moja, mwaka wangu wa kwanza chuoni, mwalimu aliingiza gari karakanani, akatuambia tuweke spana chini. Akachuchumaa mbele ya gurudumu la kwanza, akapitisha kidole juu ya rimu, akatuonyesha kidole. La pili, akatuonyesha. Akasema vumbi la breki ndiyo barua ambayo gari huandika kila siku. Likilingana magurudumu ya mbele yote mawili, endesha. Likizidi upande mmoja, breki ya upande huo haiachii, inajila, na rimu yake itakuwa ya moto. Ukiosha kabla ya kusoma, alisema, umeichana barua.

Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta. Kilichonijia kwanza kilikuwa ile nta iliyochuruzika, vile vipande nilivyovificha chini ya jiwe la kufulia. Nilikuwa nimeishika kwa kucha zangu. Baba alikuwa ameangalia kila asubuhi ya maisha yake, na zile asubuhi tisa alizokuta hamna kitu, alikuta hamna kwa sababu yangu. Na alipoulizwa mbele ya pazia, akijua fika nani yuko nyuma yake, akachagua neno moja.

Nilimpigia simu usiku uleule. Nilimuuliza habari za viazi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka. Nilimaliza kwa alama za juu, nikawa fundi, nikawa msimamizi wa mafundi, nikarudi nyumbani na kontena langu, nikafungua mahali pangu Mbeya kwa kuchinja mbuzi, baba akakaa kiti cha mbele na koti lile. Magari nayajua yote yanachoficha. Nilishindwa kufungua mdomo wangu tu. Kila Jumapili nilikwenda Uyole na nyama na dawa za kifua chake, nikarudi na neno langu halijasemwa.

Nilimwambia msimu huu wa baridi uliopita, kwa sababu daktari alikuwa ameniita pembeni. Baba alikuwa ameketi ukutani upande wa jua, blanketi magotini, amekuwa mdogo kama Ba. Nilikaa chini, kwenye mkeka, nikamsimulia yote tangu alfajiri ya kwanza: mswaki, kopo, gurudumu la mbele kushoto, nta iliyoyeyuka. Nilimwambia ilikuwa ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kikohozi kilimshika, kikamwacha.

"Nilikuwa nakusikia," alisema. "Ndoo yetu ilikuwa na mkono mbovu, inalia. Nilikuwa nimelala pale namwambia mama yako, huyo anatoka. Huyo sasa yuko gurudumu la pili."

"Ulijua?"

"Mwanangu, nani mwingine angeosha gari la Bwana Jayanti alfajiri ile?"

"Na ulijua huwezi kusoma kitu nikishaosha."

"Nilijua."

"Sasa mbona hukunikataza, baba?"

Aliangalia mikono yake. Ule wa kulia ulikuwa umejikunja kwenye blanketi kama ulivyozoea.

"Toka nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuamka kabla yangu kwa ajili yangu," alisema. "Nikasema, baridi hii, siku mbili tatu atachoka mwenyewe, nitarudi kuangalia. Gari likaanza kuvuta, nikasema Jumapili nitafungua tairi." Akatikisa kichwa. "Hukuchoka."

Nilimwambia basi angesema kwa Bwana Jayanti. Angesema ni mtoto, kazi yake ingebaki, heshima yetu ingebaki. Alinitazama kama nimesema jambo la kipuuzi.

"Mtoto hana leseni, Tusa. Dereva ni mimi."

Jua lilikuwa limeanza kuhama ukutani. Nilimsogezea kiti, nikampandisha blanketi, nikarudi kwenye mkeka, kwa sababu nilikuwa bado sijasema lile lililonileta. Ya utoto yana msamaha wake. Nilimwomba anisamehe kwa siku ile ya viazi, nilipokuwa na akili zangu timamu na miaka kumi na minne, nikamwambia kazi yake ilikuwa kuangalia tu na ikamshinda.

Baba alipeleka macho kwenye mtaro wa maji. Kisha akasema siku hiyo haikumbuki kabisa.

Nilikuwa nimemwamini aliposema hakuangalia. Safari hii sikumwamini.